Alama za Vichwa Ukutani

Shemeji yangu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kupapasa ukuta. Mwenyeji anasema karibu, yeye anaitikia huku kiganja kimeshatangulia, kinateleza juu ya rangi taratibu kama anabembeleza mtoto. Siku wakwe wa binti yake walipotualika kwao kwa mara ya kwanza, alisimama mlangoni mwa sebule akaupapasa ukuta mpaka mwenye nyumba akauliza kama kuna unyevu. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, akajibu kwa niaba yake.

"Msijali. Huyu husalimia kuta kwanza, watu baadaye."

Mtaani anaitwa Pazia. Wengi wanaomwita hivyo leo hawajui jina lilitoka wapi. Lilitoka studio ya picha, enzi ambazo mtu akitaka picha alivaa nguo zake nzuri akaenda kupigwa. Studio aliyofanyia kazi ilikuwa chumba kirefu chenye taa mbili za miavuli, kiti cha kuzunguka, na kioo ambacho pembeni yake kilining'inia kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Nyuma ya kiti palikuwa na mapazia makubwa ya turubai yaliyochorwa kwa mkono. Moja lilikuwa bustani yenye bata majini, jingine ndege ya abiria na mlango wake wazi, na la tatu ngazi pana za jumba la kitajiri zilizopanda na kupotelea gizani. Yote yalikuwa kazi ya shemeji. Alikuwa hapigi picha. Alichora mapazia, akayakarabati yakichanika, na kuyabadilisha kulingana na matakwa ya mteja.

Dada alifika pale akiwa msichana, anataka picha ya kubandika kwenye cheti cha ushonaji. Kisa hicho nimekisikia kwa wote wawili, na ajabu ni kwamba hawapingani hata neno moja.

"Bustani, ndege au ngazi?" Pazia alimuuliza.

"Ngazi." Lakini kabla hajakaa, dada akageuka kulitazama lile pazia. "Mbona ngazi ya tatu imepinda?"

"Wapi?"

"Hapo. Mtu akipanda si ataanguka?"

"Hakuna anayepanda, dada. Hilo ni pazia."

"Sasa ngazi umeiwekea nini?"

Dada akapigwa picha na bata. Ila yule kijana hakulala vizuri. Alilishusha pazia, akaichora upya ngazi ya tatu, kisha akamtumia ujumbe kupitia mpiga picha kwamba ngazi imenyooka, aje kukagua. Akaja kukagua.

"Na tangu siku ile," shemeji husema, "ni kukaguliwa tu."

Walipooana walihamia nyumba ndogo karibu na barabara kuu. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, na kuta zilipakwa kijani hadi usawa wa bega na rangi ya maziwa kutoka hapo kwenda juu. Rangi ile naikumbuka vizuri kwa sababu ilitoka katika duka nilikokuwa natunza stoo, na ni mimi niliyeichanganya. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Cherehani ya dada ilikaa chini ya dirisha, na mkabala wake palikuwa na benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, mahali pa wateja kusubiri.

Wateja wa fundi cherehani husubiri sana, hilo linajulikana. Walikaa, wakaegemea, wakasimuliana, wengine wakasinzia. Mafuta ya nywele yakaingia ukutani. Mwaka baada ya mwaka, juu ya benchi ukatokea mstari wa mabaka meusi, kila baka na kimo chake. La juu kabisa, lile lililopita mpaka wa kijani na kuingia kwenye rangi ya maziwa, lilikuwa la dereva wa lori. La chini lilikuwa la mama muuza maziwa, ambaye akikaa tu alilala. Katikati palikuwa na la mwalimu wa hesabu, pana kuliko yote, kwa maana yule bwana alijipaka mafuta kama anakaanga kitu.

Dada aliyapigia kelele mabaka yale maisha yake yote.

"Mwalimu, toa kichwa ukutani! Unanipikia chapati hapo?"

"Nishonee suruali nitoke, fundi. Kichwa nitakipeleka wapi?"

Na sakafuni, pale mguu wa dada ulipokanyagia pedali, palibonyea. Si sana. Bakuli la kina kifupi tu ambalo kisigino chake kililichimba kidogo kidogo, na ambalo maji ya kudekia yalituama ndani yake mpaka ayafute kwa kitambaa.

Studio haikufungwa kwa siku moja. Simu zilianza kupiga picha, wateja wakapungua, mwisho wakabaki wale wa pasipoti, na hao hawahitaji ngazi wala bata bali ukuta mweupe. Mwenye studio akauza taa. Pazia akabeba turubai zake nyumbani, akaanza kuandika mabango ya vinyozi na maduka ya dawa. Miaka ile hakuwa na furaha. Nilimwona akilichora tairi kwenye bango la fundi pancha kwa uangalifu ule ule wa jumba lake la kitajiri, halafu mwenye bango akilitundika juu chini.

Bango ndilo lililomtoa. Mama mmoja msanifu wa majengo alimfuata amwandikie la ofisi, akamkuta anachanganya rangi ya kutu kwa bango lililotakiwa lionekane la chuma kuukuu, na lilikuwa ubao mtupu. Msanifu akaligonga kwa kidole kuhakikisha. Akamwambia, "Mzee, kompyuta unaijua?"

"Naijua kwa sura."

"Inatosha. Njoo Jumatatu."

Kazi aliyopewa alinieleza dukani kwetu, tumekaa juu ya ndoo za rangi. Msanifu huchora nyumba ndani ya kompyuta, nyumba ambayo bado haijajengwa, na unaweza kuizunguka pande zote na kuingia ndani. Hiyo ndiyo modeli. Lakini ikitoka mikononi mwake ni ya kijivu kitupu, kama boksi la viatu. Haina mbao, haina vigae, haina tofali. Kazi yake yeye ni kuivika. Anapiga picha ya ukuta halisi au ya ubao halisi, anaisafisha, kisha anaivalisha modeli. Ofisini kwao picha hizo waliziita ngozi.

"Na ngozi moja ni picha tatu," akaniambia, akachukua kigae kilichovunjika pembeni. "Ya kwanza ni rangi yake, kama unavyoiona. Ya pili haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu. Inaiambia kompyuta wapi pameinuka na wapi pamebonyea. Palipo peupe pamepanda, palipo peusi pamezama. Ya tatu inasema wapi panang'aa na wapi pamefifia. Ukikosea ya tatu, shemeji, mbao inakuwa kama imepakwa samli."

Ugumu, alisema, uko kwenye kurudia. Huwezi kupiga picha ya ukuta mzima wa hoteli. Unapiga kipande, kisha kompyuta inakipanga kipande hicho kando ya chenyewe, tena na tena, hadi ukuta ujae. Kwa hiyo kingo zake lazima zikutane bila mshono kuonekana. Dada alipoelezwa hilo alicheka, "Kumbe na wewe ni fundi cherehani! Maua ya kitambaa yakutane kwenye mshono, sivyo?" Ndivyo hasa. Na jambo la pili: chochote kilichotokea mara moja tu ndani ya kipande lazima kiondolewe, ama sivyo kitajirudia ukuta mzima. Ufa, doa, msumari. Wao walisema kuua alama.

Alilijifunza hilo kwa aibu. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa ukuta wa nje wa nyumba ya wageni. Alipiga picha plasta moja nzuri sana, akahangaika na kingo mpaka zikakutana, akaivalisha modeli. Mteja akaja, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama kwa muda.

"Kazi safi. Ila hawa mijusi waliojipanga mstari wanaelekea wapi?"

Kwenye kona ya plasta kulikuwa na mjusi mdogo, rangi yake na ya plasta ni moja, naye Pazia hakumwona. Sasa walikuwa jeshi zima, kila mmoja amegeuza shingo upande ule ule. Vijana wa ofisini wakamwita Baba Mijusi kwa muda mrefu sana. Tangu hapo hakuna aliyeua alama kama yeye. Akipiga picha, alisafisha, akabaki na kipande safi kinachojirudia, na ile picha ya mwanzo akaifuta hapo hapo isije ikachanganywa na iliyo tayari. Huo ukawa mkono wake. Hakufikiria tena, kama vile dada asivyofikiria anapokata uzi kwa meno.

Ndipo barabara kuu ikapanuliwa, na nyumba yao ikawekwa alama ya X kwa rangi nyekundu, rangi ambayo haikutoka kwangu.

Dada hakulia. Alikataa tu kusogea. Siku ya mwisho, vyombo vyote vikiwa kwenye gari, alikuwa bado amekaa kwenye cherehani yake, mguu kwenye pedali, hakuna kitambaa. Shemeji alikuja na kamera na mimi nikiwa nimeshika shuka jeupe la kuzuia jua. Akapiga picha kuta zote, sakafu, milango, dari ya jikoni yenye moshi, akimzunguka mkewe bila kumwambia inuka. Alipomaliza akachuchumaa mbele yake.

"Fundi, kila kitu ninacho humu. Nyumba yako nitakurudishia. Utaingia, utatembea chumba kwa chumba."

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo."

Ndipo aliponyanyuka.

Wakahamia ghorofani, orofa ya tatu, vyumba viwili vyenye vigae vyeupe kila mahali. Shemeji alipapasa kuta za pale mara moja tu, akafuta mkono kwenye suruali. Cherehani iliwekwa karibu na mlango ikiwa imefunikwa, na ikabaki imefunikwa. Wateja hawakuzipanda zile ngazi. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, akawa anapiga simu kila Jumapili.

"Mama, njoo ukae kwangu. Kuna kibaraza kizuri, cherehani itakaa hapo, majirani wanauliza fundi."

"Na baba yako?"

"Baba ana kazi yake. Atakuja likizo."

Dada alikuwa akiniangalia anapojibu, si mumewe. "Nitaona," alisema. "Nimeahidiwa nyumba hapa. Nikishaiona nitajua kama nakaa au naenda."

Shemeji alisikia. Alifanya kazi ile baada ya kazi za ofisi, wiki nyingi, na sijawahi kumwona mtu anashona kipande kwa kipande vile. Jumapili moja alasiri akaileta kompyuta nyumbani, akaiweka mezani, akamvutia mkewe kiti. Mimi nikasimama nyuma yao.

Nyumba ikatokea. Niliitambua kabla sijavuta pumzi. Ule mlango, ile kijani yangu, ile sakafu nyekundu yenye mng'ao wa nta kiasi kile kile, si zaidi. Jua liliingia dirishani likalala sakafuni kama lilivyokuwa likilala. Shemeji alikuwa akitupitisha chumba kwa chumba bila kusema, sikio likimsubiri mkewe.

"Nzuri," dada akasema.

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana." Akasogea karibu na kioo. "Ya nani?"

"Ya nani vipi? Si yetu?"

"Mwalimu yuko wapi?"

Shemeji hakuelewa. Mimi nilielewa kidogo kabla yake, kwa sababu nilikuwa nimeutazama ukuta wa juu ya benchi. Ulikuwa safi. Kijani tupu, kingo zimekutana, hakuna mshono. Dada akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa ameketi nani? Dereva yuko wapi? Mama wa maziwa? Na hapa," kidole kikashuka chini ya dirisha, "mimi nimeshonea wapi? Sakafu hii haijakanyagwa na mtu. Umenipaka chokaa, baba. Hii ni nyumba ya kupangisha."

Alisema pole pole, bila ukali, na hilo ndilo lililotuumiza. Kisha akaenda chumbani.

"Nitazirudisha," Pazia alinong'ona. "Picha za mwanzo ninazo." Akaanza kufungua mafaili, moja baada ya jingine. Nikamwona mkono wake unapunguza kasi, halafu unasimama. Alikuwa amezifuta. Kila moja, baada ya kuisafisha, kama alivyozoea.

"Nimeua alama zote," akasema. "Za nyumba yangu mwenyewe."

Wiki ile dada alitoa sanduku la nguo juu ya kabati. Binti akatuma nauli na siku ya basi.

Jumapili iliyofuata nilifika nikamkuta shemeji kwenye meza, ameshika kalamu ya kompyuta, ile ya kuchorea juu ya ubao wake mweusi. Hakuwa na kipande cha kurudia. Alikuwa ametengeneza picha moja tupu ya kijani, upana wa ukuta wote, kitu ambacho ofisini ni kosa kwa sababu faili linakuwa zito na kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Ilikuwa inanguruma kweli.

"Kaa hapa," akaniambia. "Dereva kichwa chake kilifika wapi?"

"Hapo. Katikati ya benchi."

"Si mwisho, upande wa mlango?"

"Shemeji, mlangoni alikaa mwalimu."

"Mwalimu alikaa katikati, wewe! Baka lake si lile pana?"

"Pana ndiyo, lakini la mlangoni."

"Ulikuwa unakuja kula tu pale, huna unachokumbuka."

"Na wewe ulikuwa unatazama kuta, watu huwajui!"

Tuliendelea hivyo, sauti zikipanda, na kutoka chumba cha pili tulisikia zipu ya sanduku ikifunguliwa na kufungwa. Pazia akachora baka, nikamwambia refu mno, akalifuta, akachora jingine, nikamwambia sasa amempa mama wa maziwa kichwa cha ng'ombe. Zipu ikanyamaza.

"Nyinyi wawili." Dada alikuwa amesimama mlangoni na blauzi mkononi. "Dereva alikaa kona ya ndani. Ya ndani! Kutoka pale alikuwa analinda lori lake barabarani kupitia dirishani. Mwalimu katikati, ndiyo, hapo umesema kweli. Na mama wa maziwa hakuwa na baka la duara. Alikuwa analala shingo upande, kwa hiyo lilivutika hivi." Akachora hewani kwa kidole.

"Hivi?" Pazia akauliza, akichora bila kuinua kichwa.

"Chini kidogo. Alikuwa mfupi yule. Chini... Mbona umelipindisha tena?"

"Wapi?"

"Hapo!"

Akavuta kiti. Blauzi ikabaki mapajani mwake. Walimrudisha mwalimu na mafuta yake, wakamrudisha dereva, wakarudisha mstari mwembamba wa chaki ya cherehani pale dada alipokuwa akijaribia ukali wake. Mkono wa shemeji ulikuwa unakwenda kama zamani kwenye turubai, kwa mapana, bega likifanya kazi. Kisha wakafika sakafuni.

"Mahali pa kisigino chako," akasema, "nimeshaweka. Tazama." Akabonyeza, mwanga wa dirisha ukapita juu ya saruji nyekundu.

Chini ya dirisha, pale pa pedali, palikuwa na kilima. Kidogo, cha mviringo, kinang'aa kwa nta.

Dada akainama karibu na kioo. "Hiki nini?"

"Ni... " Pazia akatazama ile picha yake ya pili. Mahali pa kisigino alikuwa amepaka nyeupe. Nyeupe hupanda.

"Miaka yote ile nimekanyaga," dada akasema, "na wewe umeniwekea kichuguu?"

Kicheko kilianza kwake. Kilimtoka tumboni, akashika meza, na sisi tukafuata, mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu waihame ile nyumba. Shemeji alikuwa anafuta macho kwa mkono mmoja na kupaka nyeusi kwa mkono wa pili, na sakafu ikazama taratibu, mpaka ikawa bakuli.

"Zaidi kidogo?" akauliza.

"Basi. Hapo hapo." Dada alikuwa amevua kandambili. Mguu wake wa kulia, chini ya meza, juu ya kigae cheupe, ulikuwa unapiga kisigino pole pole.

Simu ikalia, na kwa kuwa ilikuwa karibu yangu nikaipokea. Ni binti.

"Mjomba, mwambie mama basi ni kesho kutwa asubuhi, asichelewe. Ameshafunga mizigo?"

Nikamgeukia dada. Hakunitazama. Alikuwa amenyoosha kidole kwenye kioo, kwenye mlango wa nyuma, ule wa jikoni, ambao shemeji alikuwa hajaufikia.

"Mwambie kibaraza chake kinisubiri, nitakuja kumsalimia likizo, mimi na baba yake," akasema. "Kwa sasa siwezi. Jikoni bado hakuna moshi."